Lafudhi ya kwetu kwenye usaili: uliificha au uliiacha? Tupeane uzoefu

Mura wa Sirari (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, vijana mambo.

Mimi ni Mkurya na mdomo wangu hauna siri. Lugha yetu haina "l", kwa hiyo kwetu mtu anakura, anarara, asubuhi anakwenda shure. Nimesoma hadi chuo bila kusumbuliwa na mtu, zaidi ya utani wa bwenini. Kasheshe ilikuja 2019, kwenye usaili wa ofisa mauzo Dar.

Dada yangu anaishi Kinondoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukiingia na hiyo 'r' yako watadhani umekuja kugombana." Wiki nzima tukafanya mazoezi jikoni kwake, yeye anakaanga maandazi, mimi nasema Lulu amelala, Lulu amelala. Nikaiva. Siku yenyewe nikakaa mbele ya watu watatu, nikaanza: "Nina shahada ya biashala na masoko, na nimeandaa lipoti za kila lobo mwaka." Yaani ile "l" niliyoitafuta wiki nzima ilikuja ikakaa hadi pasipo pake. Mzee wa katikati akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kijana, wewe ni Msukuma?" (Wasukuma wao ndio hugeuza "r" kuwa "l".)

Nikamjibu, "Hapana mzee, ni Mkurya." Walicheka mpaka mama mmoja akafuta machozi. Nami nikacheka, lakini kuanzia hapo akili yote ilihamia kwenye ulimi. Wakaniuliza ningeongezaje mauzo Kanda ya Ziwa, huko huko nilikozaliwa, nikatoa sentensi mbili nikanyamaza. Kazi sikupata.

Sasa nimeitwa tena, Dodoma. Mchujo wa maandishi nimepita, yamebaki mahojiano. Wenzangu mlifanyaje? Utani ruksa.

Ng'wana Magu

Mkuu, sasa sisi Wasukuma tumekukosea nini? 😂

Mimi nilipita. Ilikuwa kazi ya kupokea simu za wateja, na pale matamshi ndiyo kazi yenyewe, huwezi kulalamika. Sikujaribu kubadilisha mdomo mzima. Nilijiuliza ni maneno gani nitayasema mara mia kwa siku, nikayapata machache: karibu, subiri, taarifa, rudia. "Subili" ndiyo ilinitesa zaidi. Nikayafanyia kazi hayo tu, mengine nikayaacha yalivyo. Mwaka wa nne huu niko kazini, na nikivua zile spika za masikioni narudi kwenye kalibu yangu.

Mtu wa Kasulu

Nyie mnacheka. Sisi Waha kwetu si suala la r na l.

Niliitwa usaili kwenye shirika moja. Tulikuwa saba kwenye benchi, na tukitoka tunaulizana maswali kama kawaida. Mimi peke yangu ndiye niliyeulizwa wazazi wangu wamezaliwa wapi na kama nina namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Namba ilikuwa ukurasa wa kwanza wa maombi yangu, wameishika mkononi! Kiha na Kirundi vinafanana, kwa hiyo nilifungua mdomo tu, wakasikia Burundi. Anayesafiri kwa basi kutoka Kigoma anajua, ukifika kwenye kizuizi unatamani usiongee kabisa.

Baadaye ndipo nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu anapotoka, na kinamhusu hata anayeomba kazi. Wakati ule sikujua, nikajibu maswali yote kwa adabu. Lafudhi sijabadilisha na sitabadilisha. Nikiibadilisha nitaonekana ninaficha kweli.

Karani wa Jopo

Niseme nikiwa upande wa pili wa meza. Fomu zetu hazina sehemu ya lafudhi. Zina "uwezo wa kujieleza", na lafudhi hupenyea hapo hapo.

Kuna siku dada mmoja wa Tukuyu aliomba kazi ya ghala. Alisema "fifaa" badala ya vifaa, "fitu" badala ya vitu, nikawa nabana kicheko. Tulipolinganisha alama, mwenzangu alikuwa amempa 18 kati ya 20, mimi 11. Akaniuliza kwa nini. Nikaangalia karatasi yangu, mahali pa maelezo pako tupu. Sikuwa nimemsikiliza. Nilirekebisha, ila nimebaki najiuliza ni wangapi kabla yake.

Mura, kitu kinachowaangusha wengi ni haraka. Tarakimu hasa. Ukitaja kiasi cha mauzo, kitaje polepole.

Binti Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya mtu akichanganya r na l wanasema "ameshrub", na anachekwa hadi na wapishi. Mimi yangu kinyume: nilichekwa kwa Kiswahili cha nyumbani, tena nikiomba kazi ya kufundisha Kiswahili! Shule ya Nairobi, kipindi cha majaribio, wakuu wameketi nyuma. Nikamwita mtoto mmoja, "Ndoo hapa." Akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Ndoo gani, mwalimu?"

Nikaona nisijitie haya. Nikawaandikia ubaoni: njoo na ndoo, njia na ndia. Nikawaeleza kwamba mkutano wa 1928 ulifanyika papa hapa Mombasa na bado ukachagua Kiunguja kiwe sanifu (sisi wa Mvita hilo hatujalisamehe). Watoto wakaanza kuniuliza maneno mengine. Kazi nikapewa.

Mura wa Sirari

Asanteni sana wakuu. Mtu wa Kasulu, pole, hilo sikuwahi kuliwaza.

Jana nimejirekodi kwenye simu nikijibu maswali. Karani umesema kweli: naongea kama konda wa daladala, hata bila "r" usingenielewa. Napunguza mwendo. "Lulu" nimemstaafisha. Nakwenda Alhamisi na ripoti yangu, yenye "r" zake mahali pake.

Ng'wana Magu

Wakikuuliza tena kama ni Msukuma, kubali tu mkuu. Tutakupokea.