Tupeane uzoefu wa nyimbo za bure mtandaoni: yalikukuta yapi?

Zabibu Chungu: Wakuu habari za jioni. Nipo Nyerere Square, Dodoma, napunga upepo, kuna dogo hapa anamrushia mwenzie ngoma sekunde mbili imefika, nimecheka peke yangu. Sisi enzi za infraredi simu zinalalishwa mezani kichwa kwa kichwa, mtu akipita akigusa meza mnaanza upya. Basi nafungua na yangu. 2009 niko chuo, UDOM, kuna jamaa chumba cha jirani ana laptopu na modemu, akaniwekea LimeWire, programu ya kudaunlodi nyimbo bure. Ile kitu haikuwa na ghala lake, unavuta wimbo kutoka kompyuta za watu huko duniani na wao wanavuta kwako. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi wimbo umeingia, KB 200 tu, na mbele ya jina imeandikwa exe, yaani ni programu sio wimbo, mi na ushamba wangu nikabonyeza, kumbe kirusi, flashi yenye risechi yangu ikageuka shotikati tupu. Oktoba 2010 mahakama ya Marekani ilivyoifungia LimeWire watu walisikitika, mi nilinunua soda.

MC wa Kisasa: Hahaa pole mkuu. Mi nlikuwa napiga muziki kwenye sendofu, bibi harusi anaingia, watu wamesimama, vigeregere, nikaachia wimbo wa kuingilia niliodaunlodi bure mchana huo huo bila kuusikiliza. Kumbe wameuwekea tangazo mwanzoni. Spika zote mbili: "Je, unasumbuliwa na madeni?" Bwana harusi aliangalia chini. Salio la malipo yangu nilizungushwa wiki tatu, na siwalaumu.

Mama wa Kibaigwa: Mi hata mtandao nilikuwa siujui, nampelekea kijana wa kibandani memori kadi ya GB 2 ananijazia kwa buku, zinaingia kama nyimbo mia nne hivi. Siku hiyo nimetoka kanisani na kitenge cha kwaya, nafika nyumbani naweka kwenye redio, kwaya mwanzo mwisho! Na mi nilitaka taarabu jamani 😂

Mtu wa Manyoni: Kitufe cha kijani. Wenye akili wamenielewa. Unabonyeza kile kikubwa cha kudaunlodi kumbe ni tangazo, wimbo hupati, ila kila asubuhi unakatwa mia ya vocha kwa meseji za nyota ambazo hukuziomba. Kujitoa ilinichukua mwezi.

Mpiga Zeze: Mnacheka ila mi niko upande wa pili wa meza. Napiga za kigogo, zeze na ilimba. Nilikuwa narekodi halafu nakuta ngoma yangu kila kona na sina hata mia. Baadae nikaambiwa kuhusu Mdundo, ile tovuti ya muziki iliyoanzia Kenya 2013, msikilizaji anadaunlodi bure, wenye matangazo ndio wanalipa na msanii anakatiwa fungu lake. Sio hela ya kujengea, tusidanganyane, wimbo ukidaunlodiwa mara chache unapata hela ya chipsi. Ila ile meseji ya kwanza ya malipo niliisoma mara tano, nikamwonyesha na mama. Shida ni kwamba mmoja akishaudaunlodi anawarushia kijiji kizima, na huko kwenye kurushiana hakuna anayehesabu. MC, lile tangazo lililokuaibisha ndio hela yetu kaka, usilichukie sana.

Zabibu Chungu: Mpiga Zeze kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tunakunyonya 🙈 na hao wa vibandani je, ulishawahi kuwakuta?

Mpiga Zeze: Mwaka juzi nilikuwa stendi ya Nanenane nasubiri gari ya Mpwapwa, kijana ana laptopu na spika anapiga wimbo wangu. Nikamwambia huu ni wangu. Akaniangalia juu mpaka chini, vumbi tupu, akasema mzee wote mnasemaga hivyo, wimbo mia mbili. Simu yangu ilikuwa imeformatiwa na mi mwenyewe sina kopi. Nikatoa mia mbili.