Mkataba unasema mkandarasi huru, nikiumia kazini nani analipa?

Waya_Mbili: Wakuu habari zenu. Mi fundi umeme, napiga kazi na kampuni ya ujenzi ila sio mwajiriwa wao, mkataba umeandikwa mkandarasi huru na nalipwa kwa invoisi. Juzi mwenzangu kadondoka kwenye ngazi kavunjika mkono, kwenda ofisini anaambiwa we haumo kwenye bima yetu, jitibu. Sasa mtu kama mimi nakata bima gani? Au ya afya inatosha?

Nondo: Ya afya peke yake haitoshi mkuu. Zingine zinatoa nje kabisa majeraha ya kazini, na hata ikilipa inalipa hospitali tu, ile miezi umekaa nyumbani na plasta hailipi. Fidia ya wafanyakazi ndo inabeba matibabu pamoja na sehemu ya kipato, ila kwa kawaida ni ya waajiriwa. Kuna nchi zinaruhusu aliyejiajiri kujiunga kwa hiari, ulizia hapo kwanza kabla hujaenda kampuni binafsi.

mama_hesabu: Ngojeni kwanza, huyo aliyedondoka msimzike mapema. Saa za kuingia na kutoka anapangiwa na nani? Vifaa vya nani? Anaweza kukataa kazi au kutuma mtu mwingine? Kama kila kitu anaamuliwa anaweza kuhesabika mwajiriwa hata kama alisaini vingine. Pendekezo namba 198 la ILO (Shirika la Kazi Duniani) la 2006 linataka hivyohivyo, iangaliwe kazi inavyofanyika kweli. Aende ofisi ya kazi haraka maana kuripoti ajali kuna muda wake, na abebe picha, meseji za bosi, ripoti ya daktari na majina ya walioshuhudia.

Waya_Mbili: Saa wanapanga wao na ngazi ni yao, ntamwambia dada asante. Mi sasa kuna ajenti ananipa bima ya dhima anadai inamaliza kila kitu??

Nondo: Anakuuzia alichonacho huyo. Bima ya dhima ukimwangushia mtu spana kichwani inamlipa yeye, we ukianguka hupati kitu. Tafuta bima ya ajali binafsi inayotamka kwamba inalipa ukiumia kazini, halafu mkaze maswali: inalipa kila wiki ukiwa huwezi kufanya kazi au mkupuo tu ukipoteza kiungo, inaanza kulipa baada ya siku ngapi, kipato chako wanakipimaje (hapo ndo ritani za kodi, yaani kipato ulichowatangazia watu wa kodi, zinaangaliwa, ukijitangaza maskini kule usitegemee huku wakuhesabie tajiri hahaa). Na kama unapanda juu sema unapanda juu, bima itakuwa ghali zaidi ila ukificha wana sababu ya kukataa kulipa. Mgongo kuuma taratibu miaka na miaka mara nyingi haumo.

chuma_chakavu: Gharama ya bima iingize kwenye bei yako ya kazi, wengi wetu tunasahau hapo. Na yule kijana anayekushikia ngazi, kama unamlipa wewe basi kwake we ndo bosi, akiumia atakudai wewe.