Msaada: picha za mnada wa samaki Bagamoyo, watu wanaona ndoo badala ya dalali

Kijana wa Dunda: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Napiga picha hapa Bagamoyo, hasa soko la samaki asubuhi wakati wa mnada. Juzi nimempata dalali kanyanyua samaki aina ya changu juu, fokasi imekaa usoni, safi kabisa. Ila kila ninayemwonyesha anauliza, "Hiyo ndoo ya nini?" Nyuma kuna ndoo nyeupe imepigwa na jua. Nimeifanya nyuma iwe na ukungu, wapi! Nifanyeje?

Karafuu: Ukungu hausaidii hapo mkuu. Ndoo nyeupe inabaki nyeupe, tena inatanuka. Jicho hukimbilia penye mwanga mkali, hasa pakizungukwa na giza. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha ifinyie macho mpaka ubaki unaona mabaka tu. Baka linalowaka kuliko yote likiwa si uso wa dalali, basi tatizo umelipata.

Mzee wa Ngalawa: Mimi nasema hama uliposimama. Kwetu jua linachomoza baharini. Asubuhi ukiielekea bahari, nyuma ya dalali kote kunawaka na uso wake unaingia kivulini. Ipe bahari mgongo: jua litampiga usoni, na nyuma yake utabaki na kiza cha banda. Ndoo ikiwa bado inachungulia, piga goti upande ambao mwili wake utaiziba. Vijana mnapenda programu, kusogea hatua mbili mnaona taabu.

Bi Kaole: Mzee kasema kweli, ila si lazima mtu wako ndiye ang'ae. Alfajiri mbele ya anga nyeupe, mvuvi mweusi tii ndiye anayeonekana kwanza. Kinachovuta ni tofauti.

Karafuu: Sawa kabisa Bi Kaole. Halafu kamera haimjui dalali ni nani. Kipimo chake kinataka mwanga wa wastani, ule wa kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ikikuta banda lenye kiza inaongeza mwanga, shati la dalali linaungua, yaani linabaki jeupe tupu. Tumia kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu, ukielekeze usoni. Kwa ngozi nyeusi nacho huzidisha, kwa hiyo shusha ekspoja (mwanga wa picha) kidogo, kama theluthi mbili za stopu; stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili.

Kijana wa Dunda: Nimewaelewa, asanteni. Hii ya juzi niifute?

Bi Kaole: Usifute mwanangu. Fungua programu ya kuhariri picha kama Snapseed au Lightroom, chukua brashi, shusha mwanga wa ndoo peke yake. Kama imeungua kabisa hata RAW, lile faili ghafi la kamera, haitakurudishia kilichopotea, itakuwa kijivu tu, na hicho kijivu ndicho tunachokitaka. Kisha pandisha uso kidogo, kidogo sana, asije akang'aa kama karabai saa tatu asubuhi. Na kabla hujaanza punguza mwanga wa skrini ya simu. Ukiedit juani skrini ikiwa juu kabisa, ukirudi ndani utakuta ulichokiona si chenyewe.