Mdogo wangu amepewa namba tatu tofauti za macho: H10.1, H52.2 na sasa H18.6. Naomba ushauri

Dada wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Anayejua mambo ya macho anisaidie, maana tangu juzi silali vizuri.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Arusha. Wazazi wetu walishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mlezi ni mimi. Tangu akiwa darasa la tano macho yanamwasha, hasa vumbi likianza. Anayafikicha kwa ngumi mpaka yanaiva. Mwaka juzi nilimpeleka kituo kimoja cha afya, wakampa matone, kwenye karatasi wakaandika H10.1. Mwaka jana akaanza kulalamika kwamba haoni ubaoni. Tukaenda kupima miwani, karatasi ikaandikwa H52.2. Miwani hiyo tumeibadilisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kila mara anasema herufi zina kivuli, yaani anaona "a" moja ikiwa na nyingine nyuma yake.

Wiki iliyopita daktari mwingine alimmulika kwa muda mrefu, akaandika H18.6 na barua ya rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaambulia sentensi moja tu: konea yake, yaani kioo cha mbele cha jicho, imeanza kuchongoka, msichelewe.

Ninachotaka kujua: haya ni magonjwa matatu, au wale wawili wa kwanza walikosea? Nimesoma mahali kwamba H17 ni makovu ya konea. Sasa H18 inakuja baada ya H17, ina maana ameshavuka hatua ya makovu? Jirani yangu anasema ni mtoto wa jicho na kuna mzee huku Ngaramtoni anakamulia majani, siku tatu linaondoka. Wengine wananishauri nisubiri kwanza amalize mtihani wa taifa. Nimechanganyikiwa.

Mama Loy
Pole sana mdogo wangu. La majani sitaki hata kulisikia. Marehemu shangazi yangu alikamuliwa majani jicho likiwa na kidonda kidogo tu cha kuchomwa na jani la mahindi. Likaoza. Chamba cheupe kikabaki jicho zima mpaka tunamzika. Tafadhali usimpeleke.

Karani wa Fomu
Dada, mimi kazi yangu ni kujaza fomu za madai ya bima, hizo namba nashinda nazo. Nikutoe wasiwasi kwanza: namba ikiwa kubwa haimaanishi ugonjwa ni mkubwa. H18 haiko "juu" ya H17. Ni kama rafu za duka: sukari iko rafu ya 17, chumvi iko ya 18, basi.

Namba hizi zinatoka kwenye ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Herufi H wamegawana macho na masikio: H00 hadi H59 ni macho, H60 hadi H95 ni masikio. H10 ni uvimbe wa utando unaofunika weupe wa jicho, na hiyo .1 ni ule wa mzio. H52 ni matatizo ya kuona yanayorekebishwa kwa miwani, .2 ni astigmatizimu, yaani jicho kupinda mwanga bila usawa. Mtoto wa jicho yuko H25 na H26, kwa sababu yule anakaa kwenye lenzi ndani ya jicho, si kwenye konea. Kwa hiyo jirani yako amekosea hata rafu.

Konea yenyewe imepewa hasa rafu tatu. H16 ni konea iliyovimba au yenye vidonda, na kidonda chenyewe ni H16.0. H17 ni makovu na vyamba. H18 ni "magonjwa mengine ya konea", na humo ndani wamo watu wasiofanana kabisa: H18.1 konea iliyojaa maji ikatoa malengelenge, H18.4 kuchakaa, H18.5 magonjwa ya kurithi ya konea, H18.6 keratokonasi, yaani konea kuchongoka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya mdogo wako.

Na usidhani ya konea yote yako kwenye H. Aliyeingiwa na kipande cha chuma kwenye konea anaandikwa T15.0. Kidonda cha konea kwa mtoto aliyekosa vitamini A kiko E50.3. Vikope viko A71. Orodha inaangalia pia chanzo, siyo kiungo peke yake. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kulielewa hilo.

Fundi Geti
Hiyo T15.0 ninayo mara mbili, cheche za kuchomelea. Vijana wa karakana vaeni miwani jamani, msingoje kutolewa chuma kwa sindano kama mimi.

Muuguzi wa Macho
Nimefanya kazi wodi ya macho miaka mingi, naomba niongezee kwa upande wa ugonjwa wenyewe.

Dada wa Sakina, kwa maelezo yako sioni aliyekosea. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, kinachong'aa. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, na hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga. Theluthi mbili hivi za kazi ya jicho kupinda mwanga zinafanywa na kioo hicho. Kinatakiwa kiwe na umbo la mviringo. Kwenye keratokonasi nyuzi zinazokishikilia hulegea, kinakuwa chembamba na kusukumwa mbele, kinachongoka kama upande wa ncha wa yai.

Sasa rudi kwenye karatasi zako. Mtoto ana mzio, macho yanawasha, hiyo ni H10.1. Anafikicha miaka minne. Kufikicha ni moja ya mambo yanayohusishwa sana na ugonjwa huu, na watoto wenye mzio mkali wa macho wako kwenye hatari zaidi, japokuwa wengine huupata kwa asili ya familia. Kioo kikianza kupinda, aliyepima miwani akakuta astigmatizimu, akaandika alichokiona: H52.2. Miwani ikawa haikai kwa sababu kioo kinaendelea kubadilika. Kijana wa umri huu ambaye miwani yake inabadilika kila miezi michache na anaona vivuli, hapo ndipo mtu anatakiwa kushtuka na kuipima konea yenyewe. Daktari wa tatu alishtuka. Mshukuru.

La leo usiku, kabla hata ya rufaa: aache kufikicha. Kabisa. Macho yakiwasha, kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope zilizofungwa, na matone ya mzio kama alivyoandikiwa. Angalia pia analalaje. Wako wanaolala wamekandamiza jicho kwenye mto au mkono.

Dada wa Sakina
Mungu awabariki. Nimelia kidogo, lakini sasa naelewa.

Mambo mawili. Kwanza, kwenye mtandao nimekuta H18.621, ndefu kuliko yetu. Ni aina nyingine? Pili, nakiri jambo: yale matone ya kwanza yalipoisha nilikuwa nanunua mengine duka la dawa, kama miezi saba hivi, kwa sababu yanaondoa wekundu haraka. Kwenye kichupa imeandikwa deksamethasoni.

Karani wa Fomu
Hiyo ndefu ni ya toleo la Marekani. Wao wameikata vipande: tarakimu ya pili baada ya nukta ikiwa 2 maana yake ugonjwa bado unaendelea, ikiwa 1 umetulia, na ya mwisho inataja jicho, 1 la kulia, 2 la kushoto, 3 yote mawili. Kwa hiyo H18.621 ni keratokonasi inayoendelea, jicho la kulia. Toleo la kimataifa linaishia H18.6 na halisemi jicho gani wala imefika wapi. Mkienda Moshi msiulize "namba ni ngapi", mnayo tayari.

Muuguzi wa Macho
Dada, sikulaumu, umefanya wanachofanya wazazi wengi. Lakini simamisha kununua, na kichupa hicho nenda nacho kwa daktari umwambie miezi ilivyo, bila kupunguza. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Daktari anaweza kuitumia kwa mzio mkali, kwa siku chache, huku anafuatilia. Ikitumika miezi bila mtu kuangalia inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta huyo mtoto wa jicho anayemtaja jirani. Na kama jicho lina kidonda cha fangasi au cha virusi vya hapesi, dawa hiyo inatuliza wekundu huku kidonda kinachimba chini. Omba apimwe presha ya macho siku hiyo hiyo.

Mzee wa Njiro
Mimi natofautiana kidogo. Ugonjwa huu hutulia wenyewe mtu akifika miaka thelathini na kitu. Kuna matibabu ya mionzi wanayasifia, gharama si ya mchezo. Mtoto avae miwani, asome, Mungu ni mwema. Msimtishe dada wa watu.

Mangi wa Kibosho
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima yote, mimi ndiye niliyengoja ugonjwa utulie wenyewe.

Niligunduliwa nikiwa na miaka 17. Kila kliniki niliandikiwa H18.6, mwaka wa kwanza H18.6, mwaka wa tano H18.6. Nikawa najipa moyo kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu namba ilikuwa ile ile! Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, kwamba namba hiyo anayo anayesoma vizuri kwa miwani na anayo anayetembea akipapasa. Mwaka wa sita jicho la kulia liligeuka jeupe ghafla nikiwa shambani, maumivu na machozi. Tabaka la ndani ya konea lilikuwa limepasuka, maji yakaingia. Likabaki na kovu katikati. Miaka miwili baadaye nilipandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Leo kwenye karatasi zangu ipo Z94.7, maana yake mtu aliyepandikizwa konea. Naona, namshukuru Mungu na familia iliyotoa, lakini nyuzi za kushonea zilikaa jichoni zaidi ya mwaka na mpaka leo jicho likiwa jekundu au nikichukia mwanga nakimbia hospitali siku hiyo hiyo, mwili usije ukaikataa konea ile.

(Daktari wangu alipenda kunisimulia kwamba upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa mwaka 1905 na Eduard Zirm, mji wa Olomouc, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Alikuwa ananituliza kabla ya upasuaji, na nilitulia kweli.)

Dada, omba vitu viwili viandikwe kwenye karatasi, kwa kila jicho, na tarehe: mwinuko wa konea na unene wake sehemu nyembamba zaidi. Mwinuko wa kawaida ni kama dayopta 43 au 44 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga). Kuna mgawanyo wa zamani wa hatua nne wanaouita wa Amsler na Krumeich: hadi 48 ni hatua ya kwanza, hadi 53 ya pili, kupita 53 ya tatu, na kupita 55 pamoja na kovu katikati ni ya nne. Unene wa kawaida ni mikroni 540 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ukiwa na karatasi mbili za miezi tofauti utajua mwenyewe kama kinakwenda au kimesimama. Na kwa watoto kinakwenda haraka kuliko kwa watu wazima, ndiyo maana hoja ya kungoja miaka thelathini mimi siiwezi. Ana miaka 15.

Hayo mionzi mzee aliyoyataja: wanaondoa ngozi ya juu ya konea, wanadondoshea riboflavini, yaani vitamini B2, halafu wanaimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Nyuzi zinakamatana, konea inakazika. Kwa njia ya awali ni nusu saa ya matone na nusu saa ya mwanga. Lengo lake ni kuzuia isiendelee, hairudishi kilichopotea, na miwani au lenzi ngumu bado utahitaji. Lakini ikishakuwa nyembamba sana, chini ya mikroni 400, kwa njia ile ya kawaida wanakataa. Mlango unafungwa.

Mzee wa Njiro
Marahaba mwanangu. Nimekusoma na nimekuelewa. Dada, mpeleke.

Dada wa Sakina
Wakuu, narudisha majibu kama nilivyoahidi. Tulipanda basi la alfajiri, tukashinda Moshi kutwa, tukalala kwa binamu yetu Majengo.

Jicho la kulia mwinuko 51.2, unene 448. La kushoto 46.9, unene 487. Presha ya macho iko sawa, hilo nilikuwa naliogopa kuliko yote. Mtoto wa jicho hakuna. Daktari alikubali kuniandikia yote na tarehe, na alipoona nauliza kuhusu unene akavuta kiti akanieleza taratibu, tofauti kabisa na mara ile. La kulia amesema lisingoje, lipatiwe matibabu ya mwanga, na la kushoto lipimwe tena baada ya miezi mitatu. Bima nafuatilia wiki hii. Isipokubali, shangazi wa Tengeru amesema atauza ndama.

Kijana mwenyewe ameacha kufikicha. Nimemshonea vitambaa viwili, anabeba kimoja shuleni na chupa ya maji.

Swali moja limebaki: baada ya mwanga atakosa shule muda gani? Na kwa sasa mwalimu amweke wapi darasani?

Muuguzi wa Macho
Hongera sana dada. Siku tatu hadi tano za mwanzo zinauma, jicho linachuruzika machozi na mwanga unamchoma. Watamwekea lenzi laini ya kufunika jeraha mpaka ngozi ya juu ifunge. Panga wiki moja hadi mbili nje ya shule, na asipuuze matone hata tone moja kipindi hicho, maana konea iko wazi kwa vijidudu. Kuona kunaweza kuwa na ukungu wiki kadhaa, msiogope. Ila maumivu yakizidi badala ya kupungua, au doa jeupe likitokea, rudini bila kungoja tarehe.

Darasani akae mbele, katikati, asitazamane na dirisha. Mwombe mwalimu aandike kwa chaki nyeupe. Hizo za rangi hataziona vizuri.