Mwaka 1498: uvumbuzi au uvamizi?

Ticha wa Historia
Wakuu, naomba maoni. Kitabu ninachofundishia kinaumaliza mwaka 1498 kwa mistari mitatu: Leonardo da Vinci anakamilisha Karamu ya Mwisho Milan, mtawa mhubiri Savonarola anachomwa uwanjani Florence, Vasco da Gama "anavumbua" njia ya India. Mombasa na Malindi ni vituo tu vya njiani. Nasema neno "anavumbua" lifutwe. Majahazi yalikuwa yakienda India kila kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, karne nyingi kabla yake.

Mvita Damu
Lifutwe hata leo. Da Gama alifika kwetu Mvita, yaani Mombasa, tarehe 7 Aprili, akatia nanga nje, hakuthubutu kuingia bandarini. Akawamwagia watu wawili mafuta ya moto mwilini ili waseme kama kuna njama. Usiku uleule vijana wa Mvita wakaogelea hadi merikebuni kukata kamba za nanga. Sisi tulikata kamba. Majirani zetu wa Malindi wakampa rubani wa kumwongoza hadi India.

Binti Shela
Kaka, hayo ya rubani umeyatupa kama mtu anayemwaga maji machafu mlangoni kwa jirani. Mfalme wetu wa Malindi alitoka kwa heshima zake: joho, mwavuli mwekundu, siwa mbili, baragumu za pembe, ndefu kama mtu mzima. Hiyo ni adabu ya kupokea mgeni. Na rubani hakuja hivihivi. Da Gama alimzuia mtumishi wa mfalme merikebuni mpaka rubani akaletwa. Mbona hilo hulisemi?

Mtepe
Mnagombana bure, rubani alikuwa Ibn Majid, yule nahodha Mwarabu maarufu, na yule ni mtu wa Julfar, Uarabuni. Malindi hawahusiki.

Ticha wa Historia
Mtepe, hapana. Wareno wenyewe wanamtaja Mgujarati, na Ibn Majid wakati huo alikuwa ameshazeeka. Wanamwita "Malemo Cana". Hiyo "malemo" ni mwalimu, ndivyo mabaharia walivyomwita anayejua nyota na njia. Ni cheo, si jina la mtu.

Mtepe
Kwa hiyo mwalimu wa Da Gama hatumjui hata jina, halafu tunajua majina ya merikebu zake. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Mvita Damu
Tusihamishwe. Mwaka 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, aliipora Mvita akaitia moto. Baadaye Mreno alipojenga Fort Jesus, ngome yake hapa Mombasa, kiti cha Mombasa akampa nani? Mfalme wa Malindi! Huo ndio ujira wa rubani.

Binti Shela
Na mwaka 1631 nani aliingia Fort Jesus akawaua Wareno? Yusuf bin Hassan, damu ya Malindi, ambaye babake Wareno walimfanyia njama akauawa, kichwa kikapelekwa Goa, makao yao makuu India. Walimlea Goa, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, na bado aliwageuka. Nyinyi mnakumbuka kamba tu.

Mvita Damu
Yusuf ni shujaa wa Mombasa, dada.

Binti Shela
Akiua Mreno ni wenu, akipokea mgeni ni wetu!

Ticha wa Historia
Jamani, nimeuliza kuhusu neno moja la kitabuni.

Mtepe
Ticha, jibu lako liko kwenye safari ya Da Gama ya kurudi. Kwenda alivuka kwa kusi, akiwa na mwalimu, siku 23 tu bila kuona nchi kavu. Kurudi aliondoka Oktoba, hakusubiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikaze, akahangaika karibu miezi mitatu. Watu kama 30 walikufa, fizi zimevimba mpaka hawawezi kula. Mvumbuzi gani hajui majira ya upepo? Januari 1499 alijikokota mpaka Malindi akaomba machungwa ya wagonjwa wake.

Mvita Damu
Na mkampa.

Binti Shela
Tulimpa. Walikuwa wanakufa. Wewe ungewanyima?

Mvita Damu
Ningewanyima.