Kwa nini Mbweni na Mazizini zinagombaniwa, na Fuoni watu wanasita?

Mkaazi_Magharibi

Assalamu alaykum. Ukipima kutoka Darajani mjini hapa Unguja, Mbweni na Fuoni hazipishani sana kwa masafa, zote zimo ndani ya kilomita kumi hivi. Lakini mtu akiambiwa kuna kiwanja Mbweni, Mazizini au Chukwani anakimbilia. Akiambiwa Fuoni au Kwarara anaanza masuali. Bei nazo zinafuata hivyo hivyo. Tatizo hasa ni gari, maji, au jina tu? Na mwenye fedha ya kiasi anayetaka kujenga upande usiogombaniwa, atizame nini kabla ya kulipa? Naomba majibu ya wanaojua viwanja na ujenzi, madalali nimeshawasikia.

Bikoni_Nne

Wa alaykumu ssalaam. Masafa hayana kosa hapo. Tizama ardhi ilivyokatwa.

Mbweni na Mazizini zilikaliwa na wakubwa tangu enzi za Sultani na Waingereza, na Mbweni ilikuwa na misheni tangu miaka ya 1870, kwa hio barabara zilitangulia nyumba. Baadae viwanja vikapimwa, njia zikaachwa. Fuoni ilikuwa mashamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na familia zikapewa eka tatu tatu za kulima. Zilikuwa za mihogo na minazi, hakuna aliyezichorea njia za mitaa. Kisha mji ukaja juu yake: Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012, na 893,169 mwaka 2022. Watu laki tatu ndani ya miaka kumi lazima walale pahala, na aliyewapokea ni mwenye eka anayeuza kipande kipande.

Mnunuzi wa kwanza anajenga katikati, wa pili anaweka ukuta, wa tano anakuta ameachiwa uchochoro wa mita moja na nusu. Hapo ndipo thamani inapoanguka. Fuso la mchanga haliingii, mzigo unamwagwa barabarani na unalipa tena rikwama (mkokoteni) kuufikisha. Gari la kunyonya karo (shimo la maji ya choo) linasimama mbali na mpira wake haufiki. Moto ukiwaka, gari la zimamoto halina pa kupita. Na siku ukitaka kuuza, mwenye gari hanunui nyumba ambayo gari atalilaza kwa jirani.

Njia ikishazibwa haifunguki bila ya kuvunja nyumba ya mtu na kumlipa. Ndio maana mtaa wa namna hio unabaki nyuma hata umeme na maji vikifika. Kabla ya kulipa, chukua kamba upime kutoka barabara kuu mpaka kiwanjani, upime pale panapobana kuliko pote. Chini ya mita tatu na nusu, usikubali ahadi ya kuwa "jirani atasogeza ukuta".

Fundi_Msingi

Yote kweli, lakini upande ule mie ningeanza na maji ya mvua. Ziwa Maboga pale Mwanakwerekwe na Kibondemzungu kwenye njia ya Fuoni vimejulikana miaka mingi kwa kujaa maji masika. Ni mabonde, maji yanakuja kutoka juu na yangekuja hata pasingekuwa na nyumba hata moja. Mitaro mikubwa iliyojengwa na mradi wa huduma za miji imesaidia sehemu nyingi za mjini, ila kila paa jipya na kila uwa uliotiwa saruji huko juu unaongeza maji yanayoteremka, na mtaro uliojaa mchanga na taka haubebi kitu.

Kosa kubwa ni kwenda kutizama kiwanja wakati wa kiangazi. Nenda kati ya Machi na Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Ukishindwa kungojea masika, soma kuta za majirani: alama ya tope ipo urefu gani, rangi imebabuka mpaka wapi, na vizingiti vya milango vimeinuliwa matofali mangapi. Watu hawainui vizingiti kwa mapambo.

Kisha chimba shimo la mita moja na nusu. Ukikuta udongo wa kichanga au kinongo, maji yatazama. Ukikuta kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi (kiloweshe, ukisokote mkononi, kikitoka kama kamba bila ya kukatika ndicho chenyewe) jua kuwa shimo la kunywesha maji ya karo halitonywa. Masika maji ya chini yanapanda, karo linajaa ndani ya siku chache na choo kinarudisha. Fundi atakwambia uongeze shimo jengine. Kwenye kinamo hilo nalo litajaa. Kinachohitajika ni karo la zege lisilovuja, linalofikiwa na gari la kunyonya, na hapo unarudi kwenye suala la njia aliloeleza mwenzangu.

Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye karo, na uhesabu karo za majirani pia. Kwenye viwanja vidogo vilivyobanana kipimo hicho hakipatikani, basi usichimbe kisima cha kunywa. Weka tangi la juu, ngojea maji ya bomba.

Siti_wa_Kituoni

Kuhusu gari. Wengi wanauliza "gari zipo?" Zipo. Suala ni kama zinasimama. Kaa kituoni saa 12:30 asubuhi siku ya kazi, hesabu zinazopita zimejaa. Mtaa ulio mwanzo wa njia unapata kiti. Mtaa ulio katikati unapitwa, ingawa ndio ulio karibu zaidi na mji. Kisha rudi saa 3 usiku. Na kama lazima ubadilishe gari Mwanakwerekwe, hio ni nauli mbili kila upande, izidishe kwa watoto wa skuli. Ramadhani jioni kabla ya magharibi hesabu yote inavurugika, usipimie mwezi huo.

Mkaazi_Magharibi

Ahsanteni sana. Bikoni, muuzaji ana karatasi iliyotiwa saini na sheha, kiongozi wa shehia. Inatosha?

Bikoni_Nne

Haitoshi. Sheha anashuhudia kuwa anawajua watu, hahamishi haki ya ardhi. Muulize muuzaji kwanza karatasi ya eka ilikuwa kwa jina la nani. Kama mwenyewe ameshafariki, warithi wote lazima wakubali, pamoja na dada walioolewa Pemba na kaka aliye Maskati. Kesi nyingi zinatoka hapo. Hakikisha pia si mali ya wakfu, kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Halafu nenda Kamisheni ya Ardhi uulize eneo limepangiwa nini, mpimaji apande bikoni (alama za mipaka) majirani wa pande zote wakiwepo, na uhaulishaji, yaani kuhamisha haki ya ardhi, upite kisheria. Fedha zote zisitoke kabla ya hapo. Weka sehemu ndogo, kwa maandishi.

Ras_Kusini

Mmeliacha suala la jina. Jina linafuata, halitangulii. Tizameni Fumba, kule kusini ya mji. Waya wa umeme wa kisiwa kizima unatokea baharini hapo Ras Fumba tangu 1980, na 1992 ikatangazwa eneo huru la uchumi, lakini kwa miaka mingi watu wa mjini waliiona ni shamba la mbali, uwanda wa mawe mtupu. Ilipopata barabara nzuri na viwanja vilivyopangwa, watu wanakwenda, na ni mbali kuliko Fuoni karibu mara mbili. Kwa hio Fuoni si ya kuikimbia yote. Kamata vipande vilivyo juu, karibu na barabara ya lami, ambavyo majirani wameshaacha njia. Vipo, na bei yake bado inavutwa chini na sifa ya mabondeni.

Fundi_Msingi

Naafiki. Ila umeme upime usiku, saa 2, ukiwa kwa jirani wa mwisho kwenye laini. Soketi ikisoma chini ya volti 200, friji na mashine ya maji hazitodumu. Muulize transfoma iko wapi, na nguzo ngapi zinakosekana mpaka kwako. Hizo nguzo ziingize kwenye bei ya kiwanja kabla ya kupatana.