Neno “pitch” lina maana ngapi? Natafsiri kitabu cha ufundi, nimekwama

Mtafsiri_Kisauni

Assalaam alaykum wakuu. Nina kitabu cha mafunzo ya ufundi cha kutafsiri kwa Kiswahili: sura ya karakana, sura ya boti, sura ya ujenzi. Neno “pitch” limo kote, na kila sura lina kazi nyingine. Kamusi niliyo nayo inanipa “lami”, “uwanja” na “kutupa”. Sasa niandike “lami ya bolti”? Sentensi zinazonisumbua ni hizi: bolti ya M12 yenye “pitch” 1.25, propela ya 13 × 15 ambapo “pitch” ni 15, paa lenye “pitch” ya digrii 30, na chombo kinachofanya “pitch” sana kikipigwa na mawimbi ya mbele. Kuna neno moja la Kiswahili linaloweza kubeba yote haya?

Fundi_Likoni

Waalaykum salaam. Neno moja halipo, na ukililazimisha utaharibu kitabu. Tazama kipimo kilichoandikwa baada ya nambari, ndicho kitakachokuongoza. Ukiona milimita, karibu kila mara ni umbali kutoka kitu kimoja hadi mwenzake anayefuata: jino hadi jino, pini hadi pini, taa hadi taa. Ukiona digrii na habari ni ya paa, ni mwinamo. Hezi ni sauti. Inchi ndizo za kuangalia kwa makini, maana zinaingia kwenye cheni na kwenye propela, na maana mbili hizo hazifanani.

Nianze na bolti, kwa sababu hapo tafsiri mbaya inavunja vitu. Kwenye bolti ya milimita, “pitch” ni umbali kutoka ncha ya uzi mmoja hadi ncha ya uzi unaofuata. Mimi ningeandika “hatua ya nyuzi”, na mara ya kwanza nieleze kwa sentensi nzima. 12 ya M12 ni unene wa bolti kwa milimita. Nambari ya pili ndiyo hatua. M12 ya kawaida ina hatua ya 1.75, lakini zipo za 1.5 na 1.25, na zote ukizitazama kwa macho ni bolti moja tu.

Mfano ambao mwanafunzi wako atakutana nao wiki ya kwanza ni nati za tairi. Toyota nyingi hutumia M12 × 1.5, Nissan nyingi M12 × 1.25. Shika nati ya Toyota uivishe kwenye bolti ya Nissan: itaingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, kisha itakaza. Asiyejua atadhani ni kutu, atatia spana na kuilazimisha. Nyuzi za 1.5 zinapanda juu ya za 1.25, zinakatana, na unabaki na bolti iliyonyolewa ambayo haishiki tena. Kwa hiyo kitabu kiseme wazi: nati ifungwe kwa vidole angalau mizunguko mitano kabla ya spana kuguswa. Ikikataa, itolewe.

Kupima bila geji: weka rula juu ya nyuzi, hesabu nafasi kumi, gawa kwa kumi. Ukipata milimita 12.5, hatua ni 1.25. Usipime nafasi moja, jicho litakudanganya.

Na hatua ndiyo inayompa mtu saizi ya keekee kabla ya kukata nyuzi ndani ya chuma. Toa hatua kwenye unene. M10 × 1.5 inatobolewa 8.5. M8 × 1.25 inatobolewa 6.8. Tundu likiwa dogo kuliko hapo, tapu, yaani kile kifaa cha kukatia nyuzi, inavunjikia ndani, na kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Cheni ya pikipiki nayo ina “pitch”: umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Cheni ya 428 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ya 420 pia ni 12.7, ila ni nyembamba, kwa hiyo mwenye kitabu asiseme “zina hatua sawa” akaishia hapo, mtu atanunua isiyokaa kwenye sproketi yake. Ya 520 ni milimita 15.875.

Tezi_na_Omo

Ya boti niachieni mimi.

Kwenye propela ya 13 × 15, nambari ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni “pitch”, zote kwa inchi. Maana yake: kama maji yangekuwa ubao na propela ni skrubu, mzunguko mmoja ungeisogeza mbele inchi 15, yaani milimita 381. Nimeona watu wakiandika “mwinamo wa mabawa”. Bawa limeinama kweli, lakini kinachopimwa ni mwendo. Inchi 15 haziwezi kuwa mwinamo. Andika “mwendo wa mzunguko mmoja”. Ni refu, sawa, lakini haliachi shaka.

Mpe msomaji hesabu aione. Mashine inazunguka 5,500 kwa dakika, gia inapunguza mbili kwa moja, propela inabaki na 2,750. Zidisha kwa mita 0.381, unapata mita 1,048 kwa dakika, karibu noti 34 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Maji si ubao, propela huteleza. Ikiteleza asilimia 15, unabaki na noti 29 hivi.

Kosa la kununua ndilo hili: mtu anataka mbio, anavisha propela ya mwendo mkubwa. Boti ikipakiwa, mashine inashindwa kufika mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji. Inasukuma kwa shida, inapata joto, masizi yanajaa. Ukishuka inchi moja, mizunguko hupanda kama 150 hadi 200. Boti ya kubeba watu na mizigo inataka mwendo mdogo kuliko boti tupu ya mbio. Lakini ukishuka kupita kiasi, mashine itazunguka kupita kikomo chake, na hilo nalo linaiua. Jaribu na mzigo halisi, usijaribu boti ikiwa tupu.

Sentensi yako ya mawimbi ni jambo jingine kabisa. Hapo chombo kinainua omo, yaani mbele yake, na kuizamisha, na tezi, yaani nyuma, ikifanya kinyume. Andika hivyo hivyo, “omo kupanda na kushuka”. Usiandike “kwenda mrama” peke yake, kwa kuwa mrama unachukua pia kuyumba ubavuni, na kitabu cha Kiingereza kina neno lake jingine kwa huko.

Na ukikuta “pitch” kwenye habari za kuziba mbao za jahazi, hiyo kweli ni lami. Lakini ni lami ya mabaharia wa Ulaya. Jahazi la kwetu linakalafatiwa kwa pamba na mafuta, na chini linapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Tafadhali usiite deheni lami.

Mwalimu_Tudor

Naongeza kidogo. Kwa sauti neno lipo na shule wanalitumia: kidatu. Kidatu cha juu, kidatu cha chini. Nota ya kutunia ala ni hezi 440. Usikichanganye na ukubwa wa sauti. Mtu anaweza kunong’ona kwa kidatu cha juu.

Uwanja una mtego. Kwenye kandanda “pitch” ni uwanja mzima. Kwenye kriketi ni ule ukanda wa katikati tu, mita 20.12 kati ya wiketi na wiketi. Ukiandika “uwanja” hapo, msomaji atadhani mchezaji anakimbia nyasi zote za Mombasa Sports Club.

Paa: “mwinamo”. Digrii 30 ni kupanda sentimita 58 kwa kila mita moja ya kwenda. Vitabu vya Marekani huandika 4/12, yaani kupanda 4 kwa kila 12 za kwenda, hiyo ni karibu digrii 18. Makuti yanataka mwinamo mkali, digrii 45 hivi, maji yateleze juu yasipate nafasi ya kupenya. Mabati yanavumilia mwinamo mdogo zaidi.

Mtafsiri_Kisauni

Ahsanteni sana, nimeanza kurekebisha. Swali moja kwa fundi: kuna ukurasa unasema skrubu ya mashine ina “pitch” milimita 2 lakini kila mzunguko inasogeza nati milimita 8. Ni kosa la uchapaji?

Fundi_Likoni

Si kosa, dada. Skrubu hiyo ina nyuzi nne zinazokwenda sambamba. Itazame kwenye ncha yake utaona mianzo minne. Hatua, yaani umbali wa uzi hadi uzi wa jirani, ni 2. Lakini nati inafuata uzi wake ule ule, na uzi huo ukizunguka mara moja unaruka jirani zake watatu, kwa hiyo 2 × 4 ni 8. Hapo unahitaji maneno mawili: “hatua” kwa 2, na “mwendo wa mzunguko mmoja” kwa 8, lile lile alilokupa Tezi_na_Omo kwa propela. Bolti ya kawaida ina mwanzo mmoja, ndiyo maana mambo hayo mawili huwa sawa na watu huyachanganya. Pitia sura nzima uone kama “hatua” imekaa mahali pa 8. Anayeseti mashine kwa 2 badala ya 8 atapata meza inayosogea mara nne ya alivyotaka.